GARI YA KIOO NA GARI YA CHUMA

Katika baraza zetu za mjini, na katika mabanda wanamokusanyika vijana kucheza michezo ya vidio, kuna swali linalobishaniwa kila siku: je, gari za mashindano zinazoonekana katika michezo hiyo ni sawa na gari zenyewe za chuma zinazoundwa viwandani? Wako vijana wanaoapa kwamba tofauti hakuna, na kwamba mtu aliyeweza kuitawala Ferrari katika kioo ataweza kuitawala barabarani. Wako na wazee wanaolipuuza jambo zima wakisema ni mambo ya watoto. Sisi tunaona kwamba swali hili linastahili jibu la watu wazima. Kijana anayeamini jibu la makosa hatalilipia katika kioo. Atalilipia barabarani, na aghalabu hatalilipia peke yake.

Kwanza yatupasa kuwapa mafundi haki yao. Wahenga wetu wa pwani walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwaka 1982 kampuni ya Namco ya Japani ilitoa mchezo ulioitwa Pole Position, uliofuata ramani ya kiwanja cha mashindano cha Fuji, kiwanja kilichopo kweli. Lakini gari yenyewe ilikuwa picha tupu isiyo na uzito. Mwaka 1986 Sega ilitoa Out Run, na ndani yake mlikuwa na gari nyekundu iliyofanana mno na Ferrari Testarossa, ingawa ruhusa ya kulitumia jina hilo haikuwapo. Mwaka 1994 ukaja The Need for Speed, ambao watengenezaji wake walishirikiana na jarida la Road & Track la Marekani, linalojulikana kwa kuzipima gari na kutangaza vipimo vyake. Hapo ndipo mchezo ulipoanza kuhesabu badala ya kuchora tu.

Hatua kubwa ilipigwa Disemba 1997, pale Kazunori Yamauchi na wenzake walipotoa Gran Turismo katika mtambo wa PlayStation. Mchezo ule ulikuwa na gari zaidi ya 140, na nyingi zilikuwa gari za Kijapani zenye majina yake halisi: Nissan Skyline GT-R, Honda NSX, Mazda RX-7, Toyota Supra. Matoleo yaliyofuata hayakuishia kwenye gari za matajiri. Toyota Vitz, gari ndogo ambayo kila mtu wa Unguja na Pemba anaijua kwa kuipanda ama kwa kuipisha njia, nayo iliingizwa mchezoni. Mchezaji wa Gran Turismo ya kwanza hakuruhusiwa kuingia mashindano kabla ya kufaulu mitihani ya leseni: kuondoka, kusimama ndani ya mstari uliowekwa, kuingia katika kona na kutoka. Jambo hili msomaji aliweke akilini, maana tutalirudia.

Ustadi wa kuchonga umbo nao umekua pamoja na mitambo. Yamauchi mwenyewe amepata kueleza kwamba katika siku za mwanzo gari moja ilikamilishwa kwa kazi ya siku moja. Ilipofika zama ya PlayStation 3, gari moja ilichukua miezi kama sita ya kazi ya fundi mmoja. Hata hivyo, wingi na ukweli havikwenda pamoja siku zote. Gran Turismo 5 ya mwaka 2010 ilijivunia gari zaidi ya 1,000, lakini kadiri ya 200 tu ndizo zilizoundwa upya kwa ukamilifu, nje na ndani. Nyingi katika zilizobaki zilikuwa umbo la zamani lililohamishwa kutoka matoleo yaliyotangulia. Anayesema kwamba mchezo fulani una gari za kweli hana budi kuulizwa: gari zipi?

Kuna na suala la vipimo vyenyewe. Tangu mwaka 1989 hadi 2004 viwanda vya gari vya Japani vilikuwa na maafikiano ya kutotangaza gari yenye nguvu ya kupita farasi 280. Injini nyingine zilitoa zaidi ya hapo, lakini karatasi ilisema 280. Basi fundi wa mchezo anayenakili kitabu cha kiwanda hunakili na siri ya kiwanda. Kuiga kwa uaminifu kunataka gari ipimwe yenyewe, na sauti yake irekodiwe kwa vinasa sauti vilivyowekwa karibu na injini na karibu na ekzosi. Kwa sababu injini ina sauti moja inapovuta, na sauti nyingine inapoachiwa.

Lakini umbo na sauti ni nguo tu. Moyo wa gari inayokwenda kasi ni tairi. Gari nzima, pamoja na abiria na mzigo wake, hushikamana na ardhi kwa sehemu nne tu, kila moja ikiwa na ukubwa wa kiganja au zaidi kidogo. Dereva anapokanyaga breki, uzito humiminikia mbele na matairi ya nyuma huwa mepesi. Anapokata kona, uzito huegemea upande wa nje. Kila tairi lina mpaka wake wa kushika: likisukumwa hadi mpakani hushika kwa nguvu zake zote, likivushwa huteleza. Katika miaka ya 1980 mtaalamu wa Uholanzi, Hans Pacejka wa Chuo Kikuu cha Delft, akishirikiana na wenzake, alibuni kanuni ya hisabati inayoeleza namna mshiko huo unavyopanda, unavyofika kileleni na unavyoshuka. Kanuni ile, pamoja na nyingine za jamii yake, imetumika katika viwanda vya gari na katika michezo ya vidio vilevile. Barabara nazo zimepimwa. Mchezo wa iRacing, uliofunguliwa mwaka 2008, hutumia mionzi ya leza kupima viwanja vya mashindano, ili mwinuko na shimo la pale palipo kweli lionekane pale pale katika kioo.

Matunda ya kazi hiyo yameonekana. Nissan ilipounda gari yake ya GT-R ya mwaka 2007, iliwapa Polyphony Digital, mafundi wale wale wa Gran Turismo, kazi ya kubuni kioo cha vipimo kilichomo ndani ya gari hiyo. Yamauchi mwenyewe aliingia katika mashindano ya saa 24 ya Nürburgring nchini Ujerumani, na mwaka 2011 timu yake ikashinda katika daraja lake. Huko Marekani, William Byron alianza kujifunza mashindano katika kompyuta yake kabla ya kukalia gari ya mashindano ya chuma. Naye ndiye aliyeshinda Daytona 500 mwaka 2024, akashinda tena mwaka 2025. Ushahidi huu haupuuziki, na wazee wanaosema kwamba mchezo haufundishi chochote yawapasa kuutazama.

Mfano mkubwa kuliko yote ni ule wa GT Academy. Kuanzia mwaka 2008 Sony na Nissan walifanya mashindano ya kuwatafuta wachezaji hodari wa Gran Turismo ili kuwafanya madereva wa kweli. Mshindi wa kwanza alikuwa Lucas Ordóñez wa Uhispania, ambaye mwaka 2011 alishika nafasi ya pili katika daraja lake kwenye mashindano ya saa 24 ya Le Mans nchini Ufaransa. Mwaka huo huo wa 2011 alishinda Jann Mardenborough, kijana wa miaka 19 kutoka Wales, aliyewapita washindani waliotajwa kufikia 90,000. Na mwaka 2013 yeye na wenzake walipata nafasi ya tatu katika daraja lao huko Le Mans.

Vijana wetu huipenda sana hadithi hii, na hasa tangu ilipotolewa sinema yake mwaka 2023. Lakini katika kuisimulia huruka ukurasa wa katikati. Washindi wale hawakunyanyuka kutoka kitini wakaingia Le Mans. Walipelekwa katika kiwanja cha Silverstone nchini Uingereza, wakapimwa pumzi na nguvu za mwili, wakafundishwa na walimu, wakaingizwa katika mashindano madogo na kutakiwa kupata leseni daraja baada ya daraja. Wenye mchezo wenyewe, ambao walikuwa na kila sababu ya kuusifu, hawakuuamini peke yake. Walijua unakoishia.

Basi unaishia wapi? Unaishia kwanza katika mwili wa dereva. Katika gari ya chuma breki kali humtupa mtu mbele hata mkanda ukambana kifuani. Kona ya kasi huuvuta upande mmoja uti wa shingo. Na makalio hutangulia kuhisi mteremko wa gurudumu la nyuma kabla ya jicho kuuona. Usukani wa mchezo waweza kutetema na kukaza mkononi, lakini kiti cha sebuleni hakitembei. Mitambo ya gharama kubwa wanayotumia wenye timu za Formula One husukuma na kutikisa, na bado haiwezi kumbana mtu muda mrefu kama kona yenyewe inavyombana. Mchezaji hutumia macho na masikio kufanya kazi ya mwili mzima, na hivyo hujifunza nusu ya kazi. Nusu hiyo si haba, bali ni nusu.

Unaishia, pili, katika mkataba. Hapa pana jambo ambalo tungependa wasomaji wetu walijue vizuri. Gari yenye jina ni mali ya mwenye jina, na mtengenezaji wa mchezo hana budi kuomba ruhusa. Kuanzia mwaka 2000 hadi 2016 Electronic Arts walikuwa na haki ya pekee ya kuitumia Porsche katika michezo. Ndiyo maana wachezaji wa Gran Turismo kwa miaka mingi walipewa gari za RUF, kampuni ya Kijerumani inayounda gari zake kwa kutumia maungo ya Porsche. Porsche yenyewe iliingia katika mfululizo huo mwaka 2017. Na mwenye jina haulindi utumiaji wa jina tu, hulinda na heshima yake. Viwanda vingi havikupenda gari zao zionekane zimepondeka. Matoleo makuu manne ya kwanza ya Gran Turismo hayakuonyesha gari ikibonyea hata ikipiga ukuta kwa kasi ya kilomita 200 kwa saa. Iliruka kando kama mpira, ikaendelea na safari.

Tazameni na upande wa pili. Michezo ya Burnout, iliyoanza mwaka 2001, ilizifanya ajali kuwa ndiyo tamasha lenyewe, vioo vikimwagika na vyuma vikikunjamana. Gari zake zilikuwa za kubuni. BeamNG.drive, mchezo ulioanza kutolewa mwaka 2013 na unaosifiwa kwa namna unavyohesabu kupinda kwa kila ungo wa gari, nao umejengwa juu ya gari zenye majina ya kutungwa. Kanuni inajidhihirisha: gari yenye jina haivunjiki sana, na gari inayovunjika sana haina jina. Kijana anayetazama Ferrari ikigonga na kuendelea, hatazami upungufu wa kompyuta. Anatazama sharti la mfanyabiashara. Na katika hizo zote, zenye majina na zisizo na majina, dereva hatoki damu.

Unaishia, tatu, katika wakati. Mwaka 2008 mchezo wa Race Driver: GRID ulimpa mchezaji uwezo wa kuurudisha wakati nyuma: akikosea kona hubonyeza kitufe, gari ikarudi ilikotoka, naye akajaribu tena. Forza Motorsport 3 ya mwaka 2009 ikafuata. Tunakubali kwamba kwa mwanafunzi wa kona hiyo ni njia nzuri ya kujifunza. Lakini hakuna uongo mkubwa kuliko huo katika michezo yote hii. Tairi laweza kuigwa, injini yaweza kuigwa, na rangi ya alasiri juu ya boneti yaweza kuigwa. Kitufe cha kurudisha nyuma hakimo katika gari yoyote iliyoundwa na mwanadamu.

Machi 2015, katika kiwanja cha Nürburgring, gari aliyokuwa akiiendesha Mardenborough, yule yule mshindi wa mwaka 2011, ilinyanyuka mbele ilipofika kwenye mwinuko wa mahali paitwapo Flugplatz, maana yake kiwanja cha ndege. Ikaruka, ikavuka uzio na kuangukia palipokuwa na watazamaji. Mtazamaji mmoja alifariki dunia na wengine wakajeruhiwa. Kijana yule hakuwa mzembe. Alikuwa dereva aliyefunzwa, mwenye leseni, katika kiwanja kilichofungwa, na barabara ile ya zaidi ya kilomita 20 iliwahi kuigwa katika mchezo aliotoka nao tangu Gran Turismo 4. Baada ya ajali ile viliwekwa vikomo vya kasi katika baadhi ya sehemu za kiwanja, na matuta ya pale yakasawazishwa. Sinema ya mwaka 2023 iliiweka ajali hiyo kabla ya ushindi wa Le Mans, ili ushindi uje kama faraja. Katika maisha mambo yalikwenda kinyume: Le Mans ilikuwa mwaka 2013, na msiba ulikuja mwaka 2015. Sinema nayo, kama mchezo, imepewa kitufe cha kurudisha wakati.

Afrika ya Mashariki haimo nje ya habari hizi. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Colin McRae wa Scotland aliyashinda mwaka 1997, 1999 na 2002. Na mchezo wa vidio uliobeba jina lake uliingiza njia za Kenya katika toleo lake la pili la mwaka 2000. Safari ilipokuwa ikingojewa kurudi katika mashindano ya dunia, ambako ilirejea mwaka 2021 huko Naivasha, mchezo wa WRC 9 ulikuwa umekwisha kuzichora njia zake mwaka 2020. Vumbi limo, tope limo, na twiga huonekana kwa mbali. Lakini sifa iliyoipa Safari ya zamani jina lake ni kwamba ilikimbiwa katika barabara zilizo wazi kwa watu wote. Dereva hakujua nyuma ya kilima atakutana na lori, ng'ombe au mtoto anayetoka kisimani. Elimu hiyo ya kumtarajia mwenzio usiyemwona ndiyo isiyomo katika kioo, na ndiyo inayotakiwa kuliko zote katika visiwa hivi.

Barabara zetu si Le Mans. Ni nyembamba, zinapita katikati ya vijiji, kandokando ya skuli na misikiti, na mtumiaji wake wa kwanza ni mtu anayekwenda kwa miguu. Gari inayokwenda kilomita 100 kwa saa hukata mita 28 katika sekunde moja, kabla mguu wa dereva aliyeshtuka haujafika kwenye breki. Na kasi ikizidishwa mara mbili, masafa ya kusimama kwa breki hayazidi mara mbili, huzidi mara nne. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kuwaua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Huo ndio umri wa wanaojaa katika mabanda ya michezo. Uchunguzi wa wataalamu wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba waliotoka kucheza michezo ya mbio za gari walielekea kujitia katika hatari zaidi katika majaribio yaliyofuata. Uchunguzi mmoja si hukumu, lakini ni onyo la kutosha kwa mzazi mwenye busara.

Je, tuseme michezo hii ipigwe marufuku? La hasha. Kupiga marufuku kioo hakutamzuia kijana kutamani kasi, na kutatunyima faida iliyopo. Tunayotaka ni haya.

Skuli za udereva, pamoja na mamlaka zinazozisimamia, zianze kufikiria mitambo ya kuigizia uendeshaji kwa hatua za mwanzo: kuzoea usukani, kuona gari inavyoteleza kwenye maji ya mvua, kujifunza masafa ya kusimama. Makosa ya hatua hizo ni bora yafanyike mahali ambapo hayamuui mtu. Lakini saa za kioo zisihesabiwe kuwa saa za barabarani, na wala asipewe mtu leseni kwa ustadi wa kidole. Ikiwa mchezo wa mwaka 1997 ulimkatalia mchezaji kuingia mashindano kabla ya kufaulu mtihani wa breki, itakuwa aibu iliyoje kwa watu wazima kumwachia mtu barabara ya kweli bila ya mtihani wa kweli.

Walimu wa hisabati na fizikia katika skuli zetu waitumie hamu hii. Kijana asiyejali habari za msuguano ubaoni huzijali pale gari yake inapomtoka konani. Aelezwe kwamba ni somo moja. Na vijana wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia Karume, na wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, watiwe moyo wa kuunda mchezo wa barabara zetu wenyewe, wenye daladala inayosimama ghafla, baskeli isiyo na taa na watoto wanaotoka chuoni. Mchezo ambao mshindi wake ni yule aliyefika bila ya kumgusa mtu.

Wazazi nao wasiseme tu "acha upuuzi huo". Wakae na watoto wao, watazame, waulize: huyu aliyegonga yuko wapi? Mbona hashuki? Nani atakwenda kuwaambia wazee wake? Maswali hayo matatu yatafundisha zaidi ya karipio.

Basi jibu letu kwa wabishani wa baraza ni hili. Mafundi wameiga umbo la gari kwa uaminifu mkubwa, wameiga sauti yake, na wamekaribia mno kuiga mwendo wake. Hawakuiga uchungu wake, kwa sababu kompyuta haiuhisi, wenye viwanda hawautaki, na mnunuzi haulipii. Dini yetu imetufundisha kwamba hata kuondosha kinachoudhi njiani ni tawi katika matawi ya imani. Anayeshika usukani wa chuma ameshika amana ya roho za watu, na amana hiyo huanza pale anapogeuza ufunguo.